Siku Saba Kwenye Mipaka ya Masale

Masale ni mmea wa majani marefu usiokauka mwaka mzima. Kwenye miteremko ya Kilimanjaro hupandwa kuzunguka kihamba, yaani shamba la ukoo la migomba na kahawa, ili kila mtu ajue shamba la huyu linaishia wapi na la yule linaanzia wapi. Jani la mmea huo huo likipelekwa kwa mtu uliyemkosea, ni ombi la msamaha, na kulikataa ni aibu kubwa. Mmea mmoja unafunga na kufungua. Anayehamia mlimani aanze kuujua huo kabla hajajua njia za daladala.

Safari hii ya siku saba si ya kupanda kilele. Ni ya mwalimu aliyepangiwa shule asikokujua mtu, muuguzi wa zahanati, bwana shamba, mke aliyeolewa kutoka Singida, kibarua aliyetoka Kondoa kufuata kazi. Ni ya wenyeji pia, hasa wale wanaosema kwa moyo mweupe kabisa kwamba kwao hakuna ubaguzi. Upo. Haukai kwenye matusi, unakaa kwenye maji, ardhi, udhamini na kaburi. Kila penye mlango wa namna hiyo tumeeleza unavyofunguka na unavyokwama.

Julai ni mwezi mzuri. Masika yamepita, udongo mwekundu hautelezi tena, na baridi ya asubuhi inavumilika kwa sweta moja zito. Beba viatu vya mpira vya shambani, kitambulisho cha taifa, picha ndogo nne, barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa au kijiji unakotoka, na barua ya mwajiri kama unaye. Toa nakala tatu tatu mjini, maana huko juu umeme ukikatika mashine ya nakala nayo inalala.

Siku ya 1: Moshi mjini

Mji huu ni mtoto wa reli. Njia ya Tanga ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 1910, jina la Moshi lilishuka nayo kutoka mlimani, na huko juu kukabaki kuitwa Old Moshi. Kwa hiyo hapa chini kila ukoo ulihamia, wa Wachaga wenyewe pia. Pare, Sambaa, watu wa pwani, Wahindi, Waarabu, Wasomali: wote wamo kwenye mitaa ya Majengo, Njoro, Bondeni na Pasua kwa vizazi vitatu au vinne. Hata hivyo, mzee wa mlimani anaweza kumwita mtu aliyezaliwa Majengo "Mswahili" na asiwe anasifu.

Kutafuta chumba ndiyo shule ya kwanza. Dalali huchukua kodi ya mwezi mmoja kama malipo yake, na mwenye nyumba hutaka miezi 3 au 6 kwa mkupuo. Kabla ya fedha huja swali: "Wewe mtu wa wapi?" Ukijibu "Dodoma", linarudi: "Asili yako?" Mgeni mara nyingi hukwama hapo. Anahisi anadharauliwa, anajibu kwa mkato, na mwenyeji anaona mtu anayeficha kwao. Jibu lote kwa pumzi moja: jina, kabila, wilaya, kazi, na nani kakuelekeza. Jina la mtu anayefahamika lina uzito kuliko kabila.

Kuna nyakati swali hilo ni chujio kweli. Utaambiwa chumba kimeshachukuliwa, na kesho yake dalali yule yule anakitangaza. Usigombane mlangoni. Nenda kwa balozi wa nyumba kumi, mwonyeshe barua yako, umwombe aje naye aulize. Mwenye nyumba akimkatalia balozi inabidi aseme sababu, na "kabila lake silitaki" ni sentensi ngumu kuitoa mbele ya kiongozi wa mtaa. Ukishapata chumba, peleka nakala ya barua kwa mtendaji wa mtaa siku hiyo hiyo. Wapangaji wengi huona inatosha kujulikana na mwenye nyumba. Siku redio ya jirani ikiibiwa, anayekosekana kwenye daftari la mtaa ndiye wa kwanza kugongewa.

Siku ya 2: Uru na Kibosho, kando ya mfongo

Daladala za kwenda Uru na Kibosho huondoka zikijaa, si kwa saa. Panda kabla ya saa 2 asubuhi. Utaona joto likishuka na migomba ikikaza. Ukivuka mita 1,000 hivi kutoka usawa wa bahari umeingia kwenye ukanda wa vihamba: mgruvea na mifuruanje juu, migomba chini yake, kahawa chini ya migomba, magimbi karibu na maji, ng'ombe bandani. Ekari moja yenye ghorofa nne. Hakuna kipande kisicho na mwenyewe, hata kile kinachoonekana kama kichaka.

Salimia kila unayekutana naye. "Aika" ni shukrani inayoeleweka karibu kote mlimani, na "mbe" ni heshima kwa mwanamume mzima, "mae" kwa mwanamke. Tumia hayo matatu, ukomee hapo kwa wiki ya kwanza. Kujaribu sentensi nzima ya Kikibosho uliyofundishwa na mtu wa Marangu ni kuchekesha watu bure, maana lugha hizi hutofautiana. Mtu wa Machame na mtu wa Rombo wakitaka kuelewana vizuri huhamia kwenye Kiswahili.

Sasa tazama mfongo. Ni mfereji wa udongo unaotoa maji mtoni juu kabisa na kuyatembeza ubavuni mwa mlima hadi mashambani. Banio lake hujengwa kwa mawe, vigogo vya migomba, matawi na udongo. Mafuriko hulibomoa karibu kila masika, na wenye mfongo hulijenga upya. Mifongo mingi ina ukoo unaohesabiwa kuwa ndio uliochimba. Walioungana nao baadaye walipokewa kwa pombe ya mbege na kwa kazi ya mikono. Zamu hugawiwa kwa kihamba: leo asubuhi kwa huyu, jioni kwa yule. Asiyetokea siku ya kusafisha hulipa faini, na asiyelipa huzibiwa tundu lake kwa bonge la udongo na gamba la mgomba.

Mpangaji hana kihamba, kwa hiyo kwenye hesabu ya mfongo hayupo kabisa. Akipanda mchicha wake nyuma ya nyumba na kufungulia maji usiku, kwake ni ndoo mbili tatu, kwao ni wizi. Ugomvi wa maji unaofika kwa mtendaji ukiwa na neno "wageni" ndani yake mara nyingi umeanzia hapo, kwa mtu asiyeambiwa kwamba maji yana zamu na kwa wenyeji walioona hana haja ya kuambiwa.

Njia ya kuingia ni hii. Muulize mwenye nyumba wako zamu yake ni siku gani na kama atakuachia sehemu. Kisha nenda kwa mwenyekiti wa mfongo pamoja naye, usiende peke yako. Jitolee kwenye usafishaji unaofuata: jembe, panga, na utokee mapema, maana walio wengi huanza kabla jua halijakaza. Kazi ya siku moja bila kudai maji hufungua mazungumzo ambayo barua tatu za ofisi haziwezi.

Maji ya bomba ni habari nyingine. Jumuiya za watumia maji zinaendeshwa chini ya sheria ya mwaka 2019 ya huduma za maji na usafi wa mazingira, na fomu yao haina mahali pa kuandika ukoo. Unaomba, unapimiwa, unalipia dira. Linganisha milango hiyo miwili kwa makini. Watu ni wale wale, mlima ni ule ule. Penye utaratibu ulioandikwa mgeni anapata maji kwa fomu, na penye utaratibu ulio kichwani mwa wazee inabidi apate mtu wa kumshika mkono.

Siku ya 3: Machame, jembe bila shamba

Rudi barabara kuu, elekea magharibi. Utavuka Karanga, kisha Weruweru, ndipo upinde kulia kupanda Machame. Mabonde haya ndiyo yaliyogawa watu kwa muda mrefu. Mangi (yaani mtawala) Sina wa Kibosho alipigana na majirani zake hadi Wajerumani walipomshambulia mwaka 1891 wakisaidiwa na watu wa Mangi Mandara wa Moshi. Vita vimekwisha, masimulizi hayakuisha. Hadi leo utasikia kwamba wanawake wa Machame huua waume zao kwa ajili ya mali, na kwamba watu wa Kibosho ni wa ngumi. Husemwa kwa kicheko kwenye harusi. Binti wa Machame anayekwenda kutambulishwa ng'ambo ya mto hacheki. Ameshapimwa kabla ya kukaa. Anayejali watu aache kuyarudia hayo, hata kama wote mezani ni Wachaga, maana anayeanza kwa kumshuku jirani wa bonde la pili hawezi kumpokea mtu wa Tabora.

Tuna methali inayojulikana kila mahali: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi huisoma kama onyo kwa mgeni mvivu. Ina upande wa pili: anayepewa jembe ameshahesabiwa mtu wa nyumbani. Tatizo la mlimani ni kwamba jembe lipo, shamba hakuna. Kwa desturi mtoto wa kwanza wa kiume hukatiwa sehemu ya kihamba, na wa mwisho hubaki na nyumba ya wazazi. Wa katikati hutafuta pa kwenda. Ndiyo maana duka la "mangi", yaani Mchaga wa biashara, lipo Mbeya, Mwanza, Songea na Kigoma. Huko anaitwa wa kuja na kusemwa kwamba anapenda pesa, na mama yake aliyebaki Machame anamwambia mpangaji wake wa Kinyiramba neno hilo hilo. Nyumba moja, majeraha mawili yanayofanana.

Kununua ardhi ndiko mgeni hupata hasara kubwa kuliko zote. Mlolongo salama ni mrefu, ufuate wote. Kwanza, zunguka mpaka wa masale ukiwa na muuzaji na majirani wa pande zote nne, mchana. Pili, taka kikao cha familia: mke au mume wa muuzaji, watoto wakubwa, ndugu wa kiume, na dada zake pia, wote waandike majina na kusaini. Tatu, peleka maombi kwenye halmashauri ya kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inaruhusu mtu asiye mkazi kuomba, inaipa halmashauri siku 90 kuamua, na inakataza halmashauri kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Nne, hudhuria mkutano huo na uombe ardhi hiyo itajwe kwenye muhtasari. Hati ya hakimiliki ya kimila huja baada ya hayo, kamwe si kabla.

Kinachoharibu ni haraka. Kaka mmoja ana shida ya ada, anachukua malipo ya awali usiku, anaandika karatasi mbele ya mashahidi wawili wa baa. Mwaka unaofuata ukoo unarudi Krismasi na kuta za mgeni zinasimama zikiwa zimefika kwenye madirisha. Hapo husemwa "wageni wanatunyang'anya ardhi", wakati aliyekosea ni mtoto wa nyumbani. Shauri likitokea, lianze kwenye baraza la ardhi la kijiji, lenye wajumbe saba, watatu kati yao wanawake.

Mahakama ilishaligusa jambo hili. Mwaka 1990, katika kesi ya Bernardo Ephraim dhidi ya Holaria Pastory kutoka Kagera, mwanamke aliyerithi shamba la ukoo aliliuza kwa mtu wa nje ya ukoo. Jaji Mwalusanya alikataa kuyafuta mauzo hayo kwa sababu tu muuzaji ni mwanamke. Lakini ukoo uliachiwa nafasi ya kulikomboa shamba kwa kulipa bei ile ile. Mgeni ajue yote mawili: sheria inamlinda, na ukoo haulali.

Jioni pita kwenye kahawa, maana hapo ndipo mgeni huitwa mwizi kwa wepesi. Kahawa mbivu ikichumwa usiku, kidole huelekezwa kwa kibarua. Wanaoijua kahawa wafikiri kidogo. Tunda bivu lazima limenywe siku hiyo hiyo, likilala kwenye gunia linachacha na kuharibu ladha. Baada ya kumenywa kuna kulivundika, kuliosha, na kulianika kitandani siku kadhaa mbele ya macho ya kijiji kizima. Kibarua anayelala kwenye chumba cha banda hana mashine ya kumenyea wala kitanda cha kuanikia. Aliyeiba, awe nani, ana mwenyeji anayepokea. Anayetaka wizi ukome aulize nani alianika kahawa nyingi kuliko mibuni yake.

Siku ya 4: Mabogini, Chekereni, Kahe

Shuka tambarare. Joto, vumbi, miwa ya kiwanda cha sukari cha TPC upande mmoja, mpunga upande mwingine. Mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, uliojengwa kwa msaada wa Japani na kukamilika mwaka 1987, ulileta wakulima kutoka kila upande.

Watu wa juu huita huku porini. Neno la Kichaga la mtu asiye Mchaga, chasaka, lina maana hiyo ndani yake: mtu wa porini. Vijana hulitumia kama utani, na wapo wachumba walioambiwa hivyo mezani wasijue wanacheka nini. Ukilisikia, uliza maana yake kwa upole na kwa sauti ya kawaida. Mwenyeji akilazimika kulieleza neno lile mbele ya aliyeitwa, kwa kawaida halirudii.

Wakahe wako hapa tangu zamani na Wachaga wa mlimani walishuka kufanya nao biashara. Huku aliye mgeni ni mtu wa juu aliyekuja kulima mahindi. Maji ya mpunga ni yale yanayotoka mlimani, kwa hiyo mfongo ukivuta maji mengi Uru, ugomvi wake unaweza kufika hadi shamba la chini.

Siku hii ni fupi. Kunywa maji mengi, lala kwenye chandarua.

Siku ya 5: Himo hadi Marangu

Upande mwingine, mashariki. Panda gari la Himo, kisha la Marangu Mtoni. Marangu imezoea wageni kuliko mahali popote mlimani kwa sababu ya lango la hifadhi, na hapo hapo ndipo pa kupima ugeni vizuri. Mzungu akipita na mkoba mgongoni, watoto wanakimbia kumpokea na watu wazima wanasema karibu. Mpagazi kutoka Manyara akipita na mzigo wa kilo 20 kichwani, anatazamwa kama anayewachukulia vijana kazi. Wote wawili watalala hapa usiku mmoja na kuondoka. Mmoja anaacha fedha, mwingine anaonekana kuchukua, na ukarimu unafuata hesabu hiyo. Ukarimu wa Wachaga ni wa kweli, tumeula na kuunywa, lakini haki yake ni kumfikia yule asiyeacha kitu.

Mbege hufundisha mengi kuhusu kuaminiana. Ndizi mbivu humenywa, huchemshwa kwa saa nyingi hadi zigeuke rangi ya udongo, kisha huachwa siku kadhaa zichachuke. Upande wa pili ulezi huoteshwa, huanikwa, husagwa na kupikwa uji. Ndizi zikishachujwa, juisi yake huchanganywa na uji huo ukiwa umepoa pamoja na gome la msesewe la kuleta uchungu, na kesho yake iko tayari. Ulezi ukiwa na ukungu, pombe yote inaharibika na tumbo linasumbuka siku mbili, hivyo mpishi mzuri huukataa ulezi wenye harufu ya unyevu.

Anayekukaribisha huonja kwanza mbele yako, ndipo akupe kibuyu. Asili yake ni kuondoa hofu ya sumu: tumekunywa wote, tumeaminiana. Mgeni anayekataa kibuyu bila neno anaonekana kama anayesema "nakushuku". Kama hunywi kwa dini au afya, pokea kwa mikono miwili, sema "aika", gusa tu kwa mdomo au mpe mzee wa pembeni, na ueleze. Hakuna atakayekasirika. Kinachochukiza ni mkono unaosukuma.

Kabla ya kulala, uliza habari za VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa vya kijijini. Vikundi huwa na watu 15 hadi 30, wamegawanyika watano watano wanaodhaminiana. Hisa hununuliwa kila kikao, sanduku lina kufuli tatu na funguo hukaa kwa watu watatu tofauti. Muuguzi mgeni hawezi kukopa kwa sababu hakuna wanne watakaokubali awe wa tano wao: "akihamishwa tutamdai nani?" Hofu hiyo ina msingi, tusiidharau. Dawa yake ni kununua hisa bila kukopa mzunguko mmoja mzima, kuweka wazi barua ya ajira, na kukubali mkopo usiozidi akiba yako mwenyewe. Kikundi hakipati hasara hata ukihamishwa alfajiri. Mzunguko wa pili wanaotafuta wa tano watakufuata wenyewe.

Siku ya 6: Mkuu hadi Tarakea

Barabara inazunguka ubavu wa mashariki kupitia Mkuu, na kadiri unavyokwenda kaskazini mvua inapungua na migomba inaachiana nafasi. Tarakea ni mpakani. Ng'ambo ni Loitokitok, Kenya. Mstari huo ulichorwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, na watu wenye majina yanayofanana wakabaki pande zote mbili. Siku za soko nyanya, maharage na ndizi huvuka, lugha nne zinasikika kwenye fungu moja la vitunguu. Mgeni hupumua hapa, kwa sababu soko lisilo na mwenyewe mmoja halimuulizi mtu asili yake mara mbili.

Rombo ni mahali pazuri pa kuwauliza wazee ukoo wao ulitoka wapi. Usiulize "Wachaga walitoka wapi", utapewa jibu la shuleni. Uliza ukoo mmoja mmoja. Utasikia Ukambani, Umasaini, Upareni, Usambaani. Babu aliyefuata tembo, babu aliyekimbia njaa, babu aliyepewa binti na kipande cha msitu akiambiwa afyeke. Jina la Wachaga kama watu wamoja lilikuja kukomaa baadaye sana, wakati wa ukoloni. Mangi Mkuu mmoja wa wote, Thomas Marealle, alitawazwa mwaka 1952 tu. Kabla ya hapo palikuwa na Wamachame, Wakibosho, Wamarangu, Wakeni wa mtawala Horombo, na wengine wengi, kila mmoja mgeni kwa mwenzake.

Mwulize mzee yule babu alipokelewaje. Hapo anazungumza kwa raha: alipewa moto, alipewa mche wa mgomba, alionyeshwa mfongo. Sikiliza, uandike. Simulizi hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote kwenye mkutano wa kijiji, kwa sababu imetoka kinywani mwa mwenyeji na inahusu damu yake.

Siku ya 7: Old Moshi, kisha msibani

Rudi Moshi, panda upande wa Old Moshi hadi Tsuduni. Hapa Wajerumani walimnyonga Mangi Meli tarehe 2 Machi 1900 pamoja na viongozi wengine wa mlimani na wa jirani. Shtaka lilikuwa njama, na chuki kati ya himaya za mlimani ilisaidia kulijenga: Mangi wa bonde moja alipeleka habari za Mangi wa bonde jingine kwenye boma la wageni wenye bunduki. Simama hapo kwa muda. Mgeni wa hatari siku ile alikuwa yule mwenye ngome, na waliotiliwa shaka walikuwa majirani.

Kama kuna msiba kijijini, na mara nyingi upo, nenda. Hakuna siku inayomtenga au kumwingiza mtu kama hiyo. Wachaga huzika kihambani, na maiti husafirishwa hata kutoka Dar es Salaam ili alale kwao. Ndiyo sababu swali la ndani kabisa kuhusu mgeni, ambalo huulizwa akiwa hayupo, ni "huyu atazikwa wapi?" Mke aliyetoka mbali ameishi hapa miaka 30, na siku mumewe akifa bado kuna wa kumuuliza kama anarudi kwao. Ni ukatili, hata ukisemwa kwa sauti ya chini. Mume aliye hai aandike wosia, aonyeshe mbele ya ukoo na mchungaji au padri sehemu ya mke kihambani, na aseme wazi kwamba kaburi lake ni hapa. Dakika kumi za mume mzima wa afya humwokoa mjane miaka ya mahakama.

Ukiwa mgeni, fika siku ya kwanza, usingoje ya kuzika. Mwanamume aende upande wa kuni, turubai na kuchimba. Mwanamke upande wa kumenya ndizi na kuchota maji. Vaa nguo usizoogopa kuchafua. Kumenya ndizi mbichi kunatia utomvu mweusi mikononi, paka mafuta ya kupikia kwanza. Usikae kwenye viti vya mbele hata ukiitwa "mwalimu karibu hapa". Shukuru, kaa na majirani wa kitongoji chako.

Kisha kuna daftari la rambirambi. Katibu hukaa mezani karibu na mlango, na kurasa mara nyingi zimegawanywa: ukoo wa marehemu, wakwe, kitongoji, jumuiya ya kanisa, na mwisho kabisa wageni. Ukitoa mchango bila kusema neno, utaandikwa huko mwisho, hata kama umeishi hapo miaka sita. Mwambie kwa upole jina la kitongoji chako na jina la balozi wako, na ngoja uone kalamu inarudi nyuma hadi ukurasa gani. Akisita, mwite balozi. Kwa kawaida yuko hapo hapo kwenye kuni. Ukurasa wa kitongoji ndio utakaofunguliwa siku msiba ukiwa kwako, wanapohesabu nani alete ndizi, nani akeshe, na nani ashike sururu.